Sajini Meja Uwesu Nandonde, Mkaguzi wa Kamba Zetu

Tarehe 30 Juni mwaka huu Sajini Meja Uwesu Nandonde atarudisha kofia yake ngumu stoo, na miaka thelathini na minne ya utumishi wake katika zimamoto itakuwa imetimia. Kumi na tisa ya mwisho ameitumia kwa kazi moja: kukifundisha kikosi chetu cha uokoaji na kuhakikisha kiko tayari saa yoyote. Hiki ndicho kikosi kinachoitwa mtu anapokwama mahali ambapo ngazi na mpira wa maji havisaidii, kama ndani ya lifti au kwenye shimo la msingi wa jengo.

Mimi nina miezi mitano tu hapa, baada ya kumaliza kidato cha nne, nikisaidia masjala. Mengi ya haya nimesimuliwa na wenzake. La mwisho nililiona mwenyewe.

Alizaliwa Newala, akaja mjini kwa dada yake na kuuza viatu vya mitumba sokoni Mchikichini mwaka mmoja kabla ya kuajiriwa. Wanasema ndiyo maana hadi leo akiona buti la askari lazima aligeuze atazame soli. Kamba nazo anazikagua kwa viganja vitupu, macho yamefumbwa, kutoka ncha hadi ncha. Kamba ikizeeka anaikatakata vipande vya urefu wa mkono. Wapagazi wa Kariakoo waliozoea kuja kuomba kamba nzima za kufungia mizigo walimpa jina la Mzee Kisu. Hakujali. Kamba kuukuu ikiachwa nzima, alisema, ipo siku itamshawishi mtu kumshushia mwenzake.

Zamani kikosi kilifanya mazoezi kwa gunia la mchanga la kilo hamsini. Siku moja walikuwa wakilishusha kwenye ngazi za jengo moja la ghorofa Kariakoo, Mama Moza, mama wa mwili mkubwa anayeuza vitenge humo, akasimama kuwatazama, akacheka mpaka akashika ukuta.

“Hilo gunia lenu halijala wali! Mimi nikikwama mtanitoa, au mtaniletea chai humohumo?”

Jumamosi iliyofuata Sajini Meja alirudi na machela na vijana wake wote. “Mama, habari za biashara? Tumekuja kukubeba.”

Walimshusha kutoka ghorofa ya nne kwa dakika arobaini, wakipumzika kila ngazi, naye juu ya machela anasalimiana na wateja. Vijana waliaibika. Tangu siku hiyo mazoezi yanafanywa kwa watu wa kweli, wanene kwa wembamba. Mzee Ravindra wa Upanga alijitolea pia, na miguu yake ikabaki nje ya machela, kwa hiyo wakajifunza kufunga watu warefu. Mwaka juzi fundi mmoja mwenye mwili wake alipoanguka kwenye tundu la lifti, walimtoa akiwa hai kwa dakika kumi na moja.

Aprili mwaka huu ikaja barua. Kikosi kingepimwa na wakaguzi, na kikishindwa, gari na vifaa vyake vingehamishiwa kituo cha nje ya mji. Anayeijua foleni ya Kariakoo saa kumi jioni anaelewa maana yake kwa mtu aliye chini ya kifusi. Sharti la wakaguzi lilikuwa gumu: kwa kuwa Sajini Meja anastaafu, mazoezi yaongozwe na mrithi wake, Koplo Jacqueline Mbawala, na mwalimu asiseme neno.

“Nikisimama juu nitasema tu,” aliwaambia. “Niwekeni chini, niwe majeruhi.”

Tarehe 12 Juni alilala kwenye shimo la jengo linalojengwa, kina cha mita kumi na mbili. Beno, mmoja wa vijana wake, alishuka akamfunga kwenye machela. Saa ya wakaguzi ilikuwa inakimbia. Kabla ya kuvuta, Koplo Jacqueline aliagiza kila kulabu ya chuma inayoshika mikanda ya machela ikaguliwe upya.

“Zote tayari, Afande,” Beno aliitikia kutoka chini. “Hii ya kifuani amefunga Sajini Meja mwenyewe.”

“Sijauliza nani amefunga. Ishike.”

Beno akaishika. Kufuli lake la kuzungusha lilikuwa halijakazwa. Ingeweza kufunguka njiani.

“Simamisha! Fungueni zote, mfunge upya.”

Zikapotea dakika mbili. Sisi tuliokuwa juu hatukuthubutu kutazamana. Sajini Meja alipofika juu na kufunguliwa, mkaguzi mmoja alimwuliza kama aliiacha kulabu ile makusudi ili awapime vijana wake.

“Natamani ningesema ndiyo,” alijibu. “Nilisahau. Andika kosa ni langu, na aliyelikamata ni Koplo.”

Wakaguzi waliandika hivyo. Waliandika pia kwamba kikosi kilizidisha muda kwa dakika moja, kwamba kiongozi aliyekubali kupoteza muda kwa ajili ya kulabu moja anafaa kuachiwa maisha ya watu, na kwamba gari na vifaa vibaki hapa hapa.

Jumatatu iliyofuata Sajini Meja alifika kazini saa nne asubuhi, jambo asilowahi kufanya. Alinunua chapati mbili, akaketi kivulini na gazeti, na hakumwuliza mtu yeyote swali lolote. Koplo Jacqueline aliingiwa na wasiwasi, akanituma nikamwulize kama anaumwa. Nilitoa shikamoo, nikauliza.

“Marahaba, mwanangu. Mwambie sijawahi kuwa mzima kama leo.”

Afande, tunakushukuru kwa watu waliorudi nyumbani kwao kwa sababu yako, ambao wengi wao hawalijui hata jina lako. Tunamshukuru na Mama Zamzam, mkeo, aliyekuvumilia ukikagua hadi kamba yake ya kuanikia nguo. Nendeni Newala salama, mikorosho ikuzalieni, afya iwe njema. Na ulale usingizi, Afande. Simu ya dharura ikilia sasa, inatuita sisi.