Kidole Kilichomsalimu Ng'ombe

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo. Waheshimiwa maprofesa, mliovaa majoho na mliosahau kuyapiga pasi. Bwana mkubwa kutoka wizarani, ambaye jina lake nimetajiwa mara mbili na mara mbili limenitoka. Madaktari na wauguzi wa hospitali yetu ya Yarrabundie. Wagonjwa wenzangu wa safu ya mbele, mnaotikisa viti bila muziki. Na wewe, Clarrie Pobjoy, uliyejiweka karibu na meza ya soseji kana kwamba hotuba zimekuja kukuchelewesha: hamjambo nyote.

Mimi ni Mervyn Tuckwell, na nina miaka themanini na mitatu. Ukame mkubwa umekuja ukaondoka, moto wa nyika umekuja ukaondoka, mimi nipo. Nimemzika mke wangu Nola, Mungu amrehemu, na mbwa wengi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na madaktari wawili walioniambia kwamba nisipoacha nyama ya mafuta sitafika sabini. Wote wawili niliwapelekea maua.

Shuleni nilikaa mpaka mwalimu alipochoka. Hata hivyo hotuba hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, bila mjukuu wala mashine. Wanaoujua ugonjwa wangu wanazijua herufi zake: juu ya ukurasa huanza zikiwa kondoo dume, zikifika chini zimekuwa kupe. Kwa hiyo nikikwama msidhani nalia. Natafuta kupe.

Kazi yangu ilikuwa kukata manyoya ya kondoo, na kama yupo humu anayedai kwamba bonde letu liliwahi kuona mkono mwepesi kuliko wangu, asimame tumwone mwongo anavyofanana. Clarrie, kaa chini.

Nimepewa dakika tano za kumuaga Profesa Nerida Vasiliou. Dakika tano! Kondoo mmoja mkaidi nilimpa muda zaidi ya huo. Nitazungumza mpaka nimalize, na anayetaka kunitoa jukwaani itabidi anibebe, kwa sababu miguu yangu siku hizi haipokei amri hata kutoka kwangu.

Nianze na kidole, maana bila kidole hakuna hotuba.

Kwenye barabara yetu, dereva akikutana na dereva huinua kidole cha shahada juu ya usukani. Kimoja tu. Ukiinua viwili, watu watadhani unagombea ubunge. Usipoinua kabisa, watajua una ugomvi, na kabla ya chai ya saa nne watajua na nani. Mimi na Clarrie hatukuinuliana kidole tangu kondoo dume wake aliporuka ua wangu akaoa majike yangu yote bila mahari. Tulipishana kila siku, uso kwa uso, mikono yetu imelala kwenye usukani kama mawe ya kaburi. Nilijivunia sana ugomvi ule. Si kila mtu anaweza kununa kwa nidhamu.

Basi siku moja Clarrie akabisha hodi kwangu, ameshika keki ya matunda.

"Tuckwell," akasema, "umeniinulia kidole."

"Sijakuinulia kitu, mpumbavu wewe."

"Juzi uliinua. Jana uliinua. Leo umeinua mara tatu kabla sijamaliza kukupita. Nikamwambia mke wangu, mzee amelainika, nioke keki."

"Wewe huoki."

"Kaoka yeye. Usibadilishe mada."

Akautazama mkono wangu wa kulia, uliokuwa gotini, na kidole kikicheza na kidole gumba kana kwamba kinaviringisha kidonge. Akaweka keki mezani.

"Ah," akasema. "Basi unaumwa. Maana kunisamehe huwezi."

Mabibi na mabwana, huo ndio uchunguzi wa kwanza wa kitaalamu niliofanyiwa. Hospitali zilichukua miezi kadhaa kusema jambo lilelile, kwamba ni ugonjwa wa kutetemeka, kwa maneno marefu zaidi, na bila keki.

Hapo ndipo nilipokutana na huyu mama. Nyinyi mnamjua kwa vyeo vyake. Mimi nitawaambia alichokuwa akifanya. Alianza kule kwenye mnara wa mashine za chuo, juu ya kilima, akigonganisha viini vya atomu ili aone vinavyopasuka. Atomu zilimkosea nini? Sijui. Niliwahi kumuuliza kwa nini aliacha. Akanijibu, "Sikuacha, mzee Merv. Nilichoka tu kuvunja vitu visivyoweza kuniambia kama vinaumia."

Akaja kwetu sisi, ambao tukiumia tunasema mpaka majirani wahame.

Ufundi wake, kama ninavyouelewa, na ninauelewa vizuri kuliko yule bwana anayesinzia pale nyuma, ni huu. Anachukua maji ya aina yake, anayapiga kwa chembe za atomu zilizozungushwa ndani ya mashine mpaka zikapata wazimu. Kinachotoka humo anakipika kiwe dawa. Dawa hiyo ukidungwa inakwenda kichwani, kwenye kile chungu kidogo ambamo ubongo hupikia amri ya kutembea, na hapo inang'aa, na mashine ya picha inauona mng'ao. Chungu kikiwa na uhai, pananawiri. Kikiwa kimekauka, giza. Ila dawa yenyewe inaoza upesi kuliko samaki kwenye joto letu la Januari. Kabla mechi ya mpira haijaisha, nusu yake imeshakufa. Na mashine ya picha iko Yarrabundie, kwa sababu waziri mmoja alihitaji kura zetu. Kwa hiyo kila Jumanne Profesa alipakia dawa kwenye sanduku zito la madini ya risasi, akaendesha gari mwenyewe, kwa kuwa haamini dereva yeyote, akapita mbele ya lango langu mbio kama mwizi wa maziwa.

Zamu yangu ilipofika nikakataa kuingia kwenye lile bomba la picha. Mimi siogopi kitu, hilo mnalijua. Nimelala na nyoka chini ya banda la kondoo na nyoka ndiye aliyehama. Lakini bomba lile lina upana wa jeneza lililotengenezwa na bahili.

"Siingii," nikasema.

"Sawa," akasema Nerida. "Basi ingiza kichwa tu, mwili uliosalia ubaki kwangu. Nitashika kidole gumba cha mguu wako. Ukitaka kutoka, kichezeshe, nitakuvuta."

"Na ukichoka ukaniacha?"

"Mzee, nimewahi kungoja atomu moja ipasuke siku nzima. Kidole chako si kitu."

Akakishika. Profesa wa fizikia ya nyuklia, mwenye tuzo za kujaza kabati, akasimama pale ameshika kidole gumba cha mkata manyoya, na kucha zake mnaweza kuzifikiria wenyewe. Hakukiachia mpaka picha ikaisha. Nani kati yenu, waheshimiwa, amewahi kushikwa hivyo na kiongozi wake?

Picha ilipotoka akanionyesha. Kichwa chenye afya, alisema, kina madoa mawili yanayong'aa, yana mikia kama mkato wa mwandishi. Yangu yalikuwa yamepoteza mikia, yamebaki nukta. Nilikasirika wiki mbili. Kisha nikapewa vidonge, nikafundishwa kukanyaga mistari ya sakafu mguu unapoganda, na mwaka uleule nikamshinda Clarrie kwenye mchezo wa kuviringisha mipira uwanjani, kwa sababu hakuweza kubashiri mkono wangu utaachia mpira lini. Hata mimi sikuweza. Ushindi ni ushindi.

Sasa nisikilizeni vizuri, na wewe wa nyuma uamshwe.

Tangu waliponinyang'anya leseni nakaa langoni kwangu, kwenye kiti, nasimamia barabara. Kwa miaka yote Profesa alipita bila kuinua kidole. Si kiburi; ni malezi ya mjini. Nilijaribu kumfundisha adabu, akasema, "Nikiinua kidole, mzee, nusu ya dawa inakufa." Basi nikamsamehe, kama mtu anavyomsamehe kiziwi asiyeitika.

Mwezi wa nne mwaka huu, Jumanne, gari lake likaja polepole kwa sababu walikuwa wamemwaga kokoto mpya. Likampita ng'ombe wa Clarrie aliyesimama kando, na kidole cha Profesa kikainuka. Nikacheka peke yangu: hawa wa mjini, hata nani wa kusalimiwa hawajui. Likalipita sanduku langu la barua, kidole kikainuka. Nikaacha kucheka. Likafika kwangu. Akanitazama machoni, akatabasamu, na kidole chake kikanisalimu bila mwenyewe kujua.

Aliporudi alasiri alinikuta nimesimama katikati ya barabara.

"Mzee Merv, utagongwa!"

"Nerida, tangu lini unasalimiana na ng'ombe?"

"Nimejifunza adabu zenu."

"Toa mkono dirishani."

"Nina haraka."

"Dawa umeshaiacha hospitali. Haraka ya nini?"

Hakutoa mkono. Aliukalia. Mama mzima, aliyeniona mimi mpaka ndani ya fuvu, akaukalia mkono wake kama mtoto aliyeshikwa na sukari.

"Ni uchovu," akasema.

"Mimi yangu nilisema ni baridi. Ingia kwenye bomba lako mwenyewe."

"Siingii."

"Unaogopa?"

Akazima injini. Kule kwetu injini ikizimwa, nzi wanasikika.

"Wewe ulipoonyeshwa picha yako uliona nukta mbili," akasema. "Mimi nikionyeshwa yangu, nitauona ugonjwa wote, mwaka kwa mwaka, mpaka mwisho. Nimewatazama wengi mno, mzee. Kujua kwangu si kama kujua kwako."

Na mimi, ambaye tangu kuzaliwa sijawahi kukosa jibu, nilikosa jibu. Clarrie, usiandike hilo mahali popote.

Baada ya wiki chache tukasikia Profesa anastaafu. Nyinyi mliambiwa amechoka, anataka kulima nyanya. Mkaagiza keki, mkanunua saa ya ukutani, mkachagua wa kumsifu. Kabla hamjanizomea kwamba natangaza siri ya mtu: jana nilimpigia simu nikamsomea yote niliyoyasema mpaka hapa, kupe kwa kupe. Kisha akasema, "Yasome. Nimejaribu kuwaambia mwenyewe, kila mara naishia kuzungumzia nyanya. Wewe una mdomo mchafu, utaniokolea muda."

Kwa hiyo nimesoma kwa ruhusa. Kinachofuata sikumsomea.

Nerida. Tazama huku, acha kutazama keki. Jibu lililonikosa pale barabarani nimelipata, limenichukua majira mawili, lakini mimi sikuwahi kusema kwamba kichwani ni mwepesi kama mikononi. Ulisema kujua kwako si kama kujua kwetu. Ni kweli. Sisi tulikuwa wajinga, tukaingia gizani bila kujua kilichomo, na wewe ukatushika miguu. Wewe unajua kilichomo, unaona kwa kuwa unajua basi hustahili kushikwa. Nani alikufundisha hesabu hiyo? Je, kidole chako kimeacha kucheza kwa sababu hukukipiga picha? Je, ng'ombe wa Clarrie ameacha kusalimiwa? Umetulaza sisi wote humo bombani, waoga na wabishi, na mimi niliyekuwa yote mawili. Vidonge vipo. Mistari ya sakafuni ipo, nimeikanyaga mpaka imefutika, watakuchorea mingine. Usipoingia, utafanya nini? Utakaa kwenye nyanya zako ukiukalia mkono mpaka ufe ganzi, na sisi tutapita barabarani, tutakuinulia kidole, na hatutajua kama umetujibu.

Dada Philomena Agius, muuguzi mkuu wa bomba, ameshika nafasi ya Jumanne asubuhi. Dawa watapika wanafunzi wako. Umewafundisha, waache waendeshe gari.

Sitaki jibu la mdomo. Mdomo wako unakimbilia kwenye nyanya. Nijibu kama watu wa barabara yetu wanavyojibu. Weka mikono mezani, yote miwili, tuione. Kama utakuja Jumanne, inua kidole. Kimoja. Cha mkono wa kushoto, tafadhali, kwa sababu wa kulia umeshasema ndiyo tangu nianze kuhutubu, na mimi naijua mikono yetu hii ya kulia, si ya kuaminika.

Hapa nimeandika: ngoja.

Nangoja.

Bwana wa wizarani, weka kikombe chini, unapiga kelele.

Haya. Kile pale. Kushoto. Mmekiona? Kimesimama wima kama mlingoti na hakitikisiki hata kidogo. Keti, Makamu Mkuu, makofi baadaye, sijamaliza.

Jumanne, Nerida, nitakuwa pale mguuni kwako, na nitakishika kidole chako gumba kwa mkono huu huu. Kikianza kuchezacheza usitoke mbio. Itakuwa ni mimi.

Asiyeamini niliyoyasema, amuulize Clarrie Pobjoy, ambaye anidhaniavyo mimi na nimdhaniavyo yeye mnajua, na kwa hiyo hawezi kunipendelea. Amuulize Dada Philomena, aliyeziona kucha zangu. Na akitaka shahidi asiyekuwa na upande, ng'ombe bado yuko pale pale, kando ya kokoto, anangoja kusalimiwa.

Kupe wamekwisha. Asanteni kwa masikio yenu. Soseji ni zenu sasa.