Watoto Watatu, Kishikwambi Kimoja

Msusi alikuwa amefumba macho asinzie kidogo kabla treni haijafika mjini, lakini mama aliyeketi kiti cha mbele alikuwa amemkuta humo mwalimu wa bintiye, na usingizi ukaota mbawa.

“Mwalimu, mwanangu anamsomea babu yake gazeti zima. Leo mnamrudisha kwenye ba-be-bi?”

“Si mimi, mama,” mwalimu akajibu kwa upole wa mtu aliyezoea kuulizwa hilo. “Ni ile akili bandia ya kwenye vishikwambi. Inampima kila mtoto, inampa somo la kiwango chake. Ripoti inasema binti yako bado.”

“Kila mtoto? Mbona anatumia kishikwambi kimoja na wenzake wawili?”

Mwalimu akakohoa. “Havitoshi, mama. Wanapokezana.”

“Na kinafunguliwa kwa jina la nani?”

“La... la binti yako.”

Msusi akafumbua macho yote mawili.

“Kwa hiyo wanajibu watatu, makosa yote anabebeshwa mwanangu, halafu arudishwe kwenye ba-be-bi!” Mama alikuwa karibu kusimama. “Mashine haimwoni anayebonyeza, sawa. Wewe je, una macho ya nini? Umewahi kumsikiliza akisoma, hata ukurasa mmoja?”

Breki zikalia. Mwalimu akakumbatia mkoba wake, akachungulia dirishani kana kwamba jibu limebandikwa kwenye ukuta wa stesheni.

“Samahani mama, mimi nashuka hapa.”

“Hata mimi nashuka hapa,” mama akasema, akichomoa gazeti kikapuni. “Twende nyumbani kwangu, utamsikiliza leo akisoma hili.”