Eksi Iliyonyooka

Benchi la kijiwe cha kahawa ni mlango wa kabati la zamani la Mama Kahawa, umelazwa juu ya matofali manne, na anayechelewa ndiye anayekalia kitasa. Asubuhi hiyo kitasa kilimwangukia Fundi Sentimita, mshona suruali, mtu anayekupima kiuno kwa macho kabla hajaitikia salamu yako. Hakulalamika, kwani alikuwa na jambo lake. Jumatatu watu wa mipango miji walipita mtaani na kopo la rangi nyekundu, wakapiga eksi kwenye nyumba tano. Habari zikavuma kwamba wenye eksi watavunjiwa ili mtaro wa maji ya mvua upite, na wamepewa nyumba mpya ng'ambo ya mji, zenye bomba jikoni na choo cha ndani. Kipara, muuza kuku, kapigwa eksi. Jumanne ikaonekana eksi kwa Randa, seremala. Jumatano kwa Waziri, mlinzi mstaafu aliyepata jina hilo kwa kuwahi kulinda geti la waziri. Sentimita alivumilia hadi Alhamisi saa saba mchana, mtaa mzima ukiwa msibani. Akachukua rangi, brashi na rula yake ya mita moja, akajipigia ya kwake. Mkewe aliporudi na kuikuta, alipiga vigelegele, akagawa jiko la mkaa kwa jirani.

— Kwa hiyo na wewe umepigwa, Randa alisema bila kumpa mkono. Walikuja saa ngapi? Sisi tulikuwa msibani.

— Ndiyo saa waliyokuja. Watu wa serikali hawapendi msongamano.

— Mbona yako imenyooka hivyo? Yangu imepinda.

— Kwako walituma kibarua. Kwangu alikuja mkubwa mwenyewe.

Waziri akacheka kwa pua.

— Mkubwa gani? Kwangu mkubwa alipiga saluti kwanza, ndipo akapiga eksi. Hamjaona imepanda mpaka dirishani? Wanaangalia cheo cha mtu. Eksi kubwa, vyumba vinne.

— Vinne vya nini, mzee, na unaishi na redio? Randa aliuliza.

— Redio nayo itapata chumba chake.

Kahawa ikamgeukia Sentimita shubiri mdomoni. Vinne. Laiti angejua, angeazima ngazi.

— Tuseme sisi tumestahili, Randa alisema. Lakini yule?

Shingo tatu zikageuka. Ng'ambo ya njia Kipara alikuwa akipakia matundu ya kuku kwenye pikapu ya buluu, anapiga mluzi, shati limenyooshwa mpaka mikono.

— Kawahonga mayai, Waziri alisema.

— Mayai yapi ya kutosha ofisi nzima? Randa alisema. Mimi nasikia ramani ya mji ilichorwa sebuleni kwake. Mtaro ulikuwa upite kule sokoni, wakaukunja ufuate banda lake.

— Wale si kuku, Sentimita alisema.

Wenzake wakasubiri. Yeye mwenyewe hakuwa amefikiria sehemu ya pili.

— Wamefundishwa. Wanatembea kiwanjani wanapima. Hamjamwona jogoo wake anavyohesabu hatua?

Hakuna aliyecheka. Wivu ulikuwa umefika pale ambapo jogoo mpima ardhi anaaminika.

— Nilijua tu, Randa alisema.

Hapo akaja binti mmoja amevaa buti za mpira, faili kwapani. Nyuma yake, kwenye kona, tingatinga lilikuwa linanguruma.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanangu, Mama Kahawa aliitikia. Kahawa?

— Niko kazini. Wazee, nisaidieni. Orodha yangu ina nyumba tano, za watu walioandikwa na kupewa nyumba. Ukutani nahesabu eksi nane. Mtaa huu nyumba hazina namba, kwa hiyo dereva anafuata alama. Hizi tatu ni za nani?

Watatu wakainamia vikombe vyao.

— Moja inang'aa vanishi ya vitanda, binti aliendelea. Nyingine imepakwa hadi kwenye kioo. Basi tutaanza na ile iliyopigwa rula, tingatinga litageukia vizuri pale.

Sentimita akamtazama Randa. Randa alikuwa anaficha kucha zake. Waziri alikuwa anakagua mawingu. Wiki nzima, kumbe, roho ilikuwa inamuuma Sentimita kwa ajili ya vanishi na redio.

Tingatinga likasogea mpaka kwa Sentimita, likainua sahani yake ya chuma ya kuvunjia. Dirishani kwake ilionekana cherehani, na suruali ya mteja imening'inia chini ya sindano. Angesema, lakini Kipara alikuwa ameacha matundu yake akaja kusikiliza, kuku kwapani. Mbele ya mwingine yeyote, sawa. Mbele ya Kipara?

Sahani ikazidi kupanda.

— Ile ni yangu, alisema, kwa sauti ya mtu anayekubali kuwa suruali imembana. Nimeipiga mwenyewe.

— Na ya vanishi, Randa alikiambia kikombe chake.

— Lile dirisha lilikuwa bahati mbaya, akasema Waziri.

Binti akamwashiria dereva ashushe. Hakukasirika. Alitaka kujua kweli.

— Kwa nini mtu ajipigie eksi ya kuvunjiwa nyumba yake mwenyewe?

Watu waliojua mpaka hatua za jogoo wakaanza kutafuta viatu vyao chini ya benchi. Kipara naye alisubiri. Mama Kahawa akainamisha birika kumjazia Waziri, halikutoa kitu.

Saa tano kila mmoja alikuwa ukutani kwake na kitambaa cha mafuta ya taa. Rangi ya Sentimita ilikuwa nzuri, haikutoka. Mkewe alikuwa ameenda kudai jiko lake. Pikapu ya buluu ikapita polepole, juu ya matundu limefungwa godoro.

— Fundi, Randa aliita kutoka ukutani kwake. Umeliona?

— Nimeliona. Halijatolewa hata nailoni.

— Kalitoa wapi?

Sentimita akalifuata kwa macho mpaka likapinda kona.

— Sita kwa sita, alisema, akaweka kitambaa chini, akakaa kulifikiria.