Sista Filda Aciro na Uzito wa Blanketi

Ijumaa tarehe 30 Juni 2017, Sista Filda Aciro anavua sare baada ya miaka ishirini na tisa ya kupokea watoto hapa kwenye kituo chetu cha afya, Luzira. Kazi ya kuandika habari zake nimepewa mimi, Khaemba wa maabara, labda kwa kuwa hakuna aliyekaripiwa naye kunizidi.

Aliajiriwa mwaka 1988 akiwa mkunga kijana, mke wa polisi aliyehamishiwa Kampala kutoka Gulu. Kiswahili chake alikipata katika kambi ya polisi, na alikitumia kama amri: mama akiambiwa apumue, hata sisi wa chumba cha pili tulipumua. Aliwahubiria wajawazito juu ya hatari ya sukari huku ameshika chai yenye vijiko vitano.

Mwaka 2002 kituo kilianza utafiti. Kondo la nyuma hutengeneza homoni ya ukuaji ambayo haimfikii mtoto mwenyewe. Kazi yake ni kuuchochea mwili wa mama uachie chakula kiende kwa mtoto. Tulitaka kujua kama mama mwenye homoni hiyo kidogo huzaa mtoto mdogo. Mimi nilipima damu, Sista akapima watoto. Mtoto akionekana mdogo alifuatiliwa nyumbani kila wiki, na kwa Sista hilo ndilo lililokuwa la maana.

Mwaka ukaisha, hesabu zikakataa. Mama wenye homoni kidogo walionekana kuzaa watoto wenye uzito mzuri tu. Daktari Erinayo, mkuu wetu, akaanza kunitazama vibaya, nami nikaanza kuitazama vibaya mashine yangu. Mkutano wa kuufunga utafiti ukapangwa.

Kumbe kosa lilikuwa huruma. Mzani wetu ni wa chuma, na mama mmoja, Nabangala, muuza chakula wa Kabalagala, alikuwa amemkatalia Sista waziwazi: "Sista, mtoto yangu si samaki ya Port Bell. Usiweke yeye kwa chuma baridi." Sista akaona ana haki. Tangu hapo akawapima watoto wakiwa wamefunikwa, kisha akatoa kwenye hesabu gramu mia mbili za blanketi. Siku mbili kabla ya mkutano alimwona bibi mmoja akimviringisha mjukuu wake, kitoto kidogo sana, kwa blanketi mbili nzito za kambini. Akamfungua, akampima upya, akaketi chini. Kadiri mtoto alivyokuwa mdogo ndivyo alivyofunikwa zaidi, na ndivyo daftari letu lilivyomnenepesha.

Angeweza kunyamaza, maana lawama ilikuwa imeshanielekea mimi. Alisimama mkutanoni akasema, "Kosa ni langu. Mashine ya Khaemba haina neno." Akaomba aadhibiwe baadaye, kwanza apewe majina. Nikamwandikia orodha ya mama wenye homoni kidogo, arobaini na mmoja. Kwa miezi miwili, kila akitoka zamu, alibeba mzani begani akazunguka Luzira, Port Bell na Kabalagala kuwatafuta watoto ambao huenda walizaliwa wadogo bila sisi kujua. Aliwapata thelathini na tisa. Kumi na mmoja walikuwa dhaifu kiasi cha kuhitaji matibabu, na wote walipona. Familia mbili zilikuwa zimehama.

Adhabu haikuja, na utafiti ukaanza upya. Sista alishona vitambaa vyembamba vya pamba, akawa anavipasha kwa pasi, anakitandika kimoja mzanini, anarudisha mshale kwenye sifuri, ndipo anamlaza mtoto bila nguo. Safari hii homoni na uzito vilikubaliana: mama waliokuwa na homoni kidogo, wengi wao walizaa watoto wadogo kuliko wenzao. Hadi leo wakunga wetu hupiga pasi vitambaa, na wageni hudhani tumefungua duka la dobi.

Kamati ya zawadi ilipomuuliza anataka nini, tulitarajia jokofu. Ameomba yale majina mawili ya familia zilizohama. Watoto hao sasa wana miaka kumi na minne, na anasema sasa muda anao. Daktari Erinayo ametia sahihi apewe.

Sista, asante kwa kila mtoto, na asante kwa siku ile uliposimama kwa ajili yangu; sikuwahi kukuambia. Ustaafu wako uwe na afya na raha tele. Na hao wawili, Mungu akujalie uwakute wamekupita kimo.