Marthese, Mkimbiaji Ambaye Siku Zake Zilikoma

Padre, wafiwa na majirani, mimi Salvu Psaila, mjomba wa marehemu, nimepewa na familia za Zerafa na Schembri jukumu la kuwasomea maisha ya mpendwa wetu, nami nitayasoma kama alivyoniagiza mwenyewe kitandani, aliposema, "Mjomba, usiwaambie nilianguka tu. Waambie yote, hata yale ya aibu."

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Septemba 1984 hapa Siġġiewi, Malta, mtoto wa pekee wa Karmenu Zerafa, mchonga mawe, na dada yangu Ġuża, akabatizwa Maria Teresa, ingawa ninyi nyote mlimwita Marthese.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha sekondari ya wasichana, ambako mwaka 1997 Bwana Edgar Tabone, kocha wa riadha, alimwona akishinda mbio za shule, akamchukua klabuni kwake, mahali ambapo kila Jumatatu wasichana walipimwa uzito mbele ya wenzao, na aliyeongezeka kocha alimcheka, "Naona mchuzi wa sungura wa mama yako wa jana umekuja na wewe!" Marthese akaacha nyama ya sungura, akaacha mkate na mafuta ya zeituni, akawa anakimbia asubuhi na jioni, na alipofika miaka kumi na sita siku zake za mwezi zikakoma. Alipomweleza kocha kwa kuona haya, alijibiwa, "Hongera! Sasa umekuwa mwanariadha. Zikirudi, ujue umenenepa."

Hapa kwetu jambo hilo halifichiki, kwa kuwa pedi zilinunuliwa kwenye duka moja tu, na mwenye duka, marehemu Bi Ġiġa Mangion, alimsimamisha dada yangu mlangoni na kumwambia, "We Ġuża, binti yako hajaja kuchukua vyake tangu sikukuu ya Mtakatifu Nikola, au nianze kushona nguo ya ubatizo?" Dada yangu akampeleka binti kwa daktari wa mji mwingine, wasionekane, na njiani akaweka nadhiri kwamba kama hakuna mimba atatembea peku hadi kanisa la hija la Bikira Maria wa Ta' Pinu. Mimba haikuwepo, nadhiri ikatimizwa, moyo mdogo wa fedha wa shukrani ukatundikwa ukutani mwa kanisa lile, Karmenu akafungua divai, na katika furaha ile hakuna aliyeuliza, ikiwa si mimba, basi ni nini.

Mwaka 2003 aliajiriwa kuwa karani katika ofisi ya mizigo bandarini, na katika miaka hiyo alivaa jezi ya taifa na kuvunja rekodi ya klabu ya mita elfu tatu. Mwaka 2004 alivunjika mfupa wa wayo bila kuanguka, mwaka 2006 muundi, mwaka 2009 muundi wa pili, na kila mara kocha alilaumu barabara zetu.

Tarehe 2 Oktoba 2010 alifunga ndoa na Ruben Schembri, fundi umeme, katika kanisa hili. Watoto hawakujaliwa. Mwaka 2012 walimwendea Dkt. Josette Camenzuli, ambaye ndiye wa kwanza kumwuliza mara ya mwisho kuona siku zake ilikuwa lini, naye akajibu, "Nikiwa na miaka kumi na sita, daktari. Lakini hilo ni jema, sivyo?" Akaelezwa kwamba mwili uliokimbizwa sana na kulishwa kidogo ulikuwa umejifunga, kwamba mifupa yake ilikuwa ya bibi wa miaka sabini, na kwamba mfupa usiojengwa ujanani haujengeki baadaye. Alianza kula na kupumzika kama alivyoshauriwa, akaongezeka kilo mbili, akalia, akarudi barabarani. Ruben alimsihi, "Marthese, roho yangu, nani anakudai mbio hizi?" Akafunga kamba za viatu, akatoka.

Tarehe 20 Novemba 2018, akishuka ngazi na nguo zilizoanikwa darini, nyonga ilivunjika, ndipo akaanguka. Alipasuliwa, hakurudi kutembea, damu iliganda mguuni na kupanda mapafuni, akafariki dunia tarehe 9 Februari 2019, akiwa na miaka thelathini na minne.

Tunamshukuru Dkt. Camenzuli, wauguzi wa wodi ya mifupa, majirani waliompikia dada yangu, na wenzake wa bandarini. Tunawashukuru pia wasichana wa klabu, waliomtembelea hospitalini, naye akawasimulia yote haya bila kuficha, na alipomaliza mdogo wao akauliza, "Lakini Dada Marthese, siku ile ya rekodi, ulikuwa na kilo ngapi?" Mpwa wangu aligeukia ukutani. Wasichana hao wamekaa pale nyuma na jezi zao, na wameniomba niwaombee radhi kwa Padre, kwamba hawatafika makaburini, kwa kuwa leo wana mazoezi.

Upumzike, Marthese, na amani ya Bwana iwe nawe.