Kikohozi cha Benchini

Benchi letu lilikuwa ubao mmoja mrefu kando ya njia ya Rudewa, mkabala na lango la shamba la mkonge. Kila jioni kengele ikishalia tulikaa hapo kunywa kahawa ya Kornelio, tuliyemwita Azimio kwa sababu kila alilosema alitaka lipitishwe. Mimi waliniita Karani wa Vifua. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, ila Mungu alinijalia mwandiko, na shamba lilipokuwa la umma nikapewa kutunza kadi za afya za wafanyakazi. Nakiri kazi ile ilinivimbisha kichwa.

Jioni hiyo ya mwaka 1973 neno lilikuwa moja. Kesho yake gari lingepeleka watu kumi na wawili Morogoro, wakapigwe picha ya kifua. Damiano hakuwamo. Alifanya kazi chumba cha brashi, nyuzi zinakosuguliwa, kwenye vumbi la mkonge kama uko ndani ya mashine ya unga, na hapo alikuwa katikati yetu anakohoa mpaka kahawa inamwagika.

Yeremia, tuliyemwita Redio, ndiye aliyeanza.

— Kaka Damiano, umebakizwa makusudi. Vifua vya chuma vinawekwa kwa ajili ya mgambo.

Azimio akapinga. Alisema daktari anakwenda kwa zamu, safari hii watu wa kambi ya Malolo, safari ijayo sisi wa tambarare. Redio akadai mashine ile haiwaoni watu warefu. Azimio akampita: mashine imezoea mapafu ya Ulaya, ikikutana na mapafu ya mla ugali inazimika yenyewe.

— Haya, Karani, wewe mwenye makopo ya kadi tuambie, Redio akanigeukia.

Niliwaambia kama mtu anayesoma somo madhabahuni. Kadi zote hukaa kopo jeupe. Anayekuja dirishani kwangu na kikohozi cha majuma mawili, kadi yake naihamishia kopo jekundu. Orodha ya wanaokwenda Morogoro inanakiliwa kutoka kopo jekundu.

— Kadi ya Damiano iko kopo jeupe. Basi Damiano ni mzima.

Damiano akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

— Nashukuru, Karani. Mke wangu atafurahi kusikia.

Muuguzi Hildegarda, aliyehamia kwetu juzi tu kutoka Kilosa mjini, alikuwa amesimama anangoja kahawa yake. Akatuamkia shikamooni, tukaitikia marahaba, kisha akauliza kwa upole:

— Wazee wangu, dirisha linafungwa saa tisa. Brashi wanatoka saa kumi. Sasa kadi ya mtu wa brashi inahamishwa na nani?

Azimio akachukua kikombe cha Damiano, akakijaza tena.

Mimi nilikuwa nimekisikia kikohozi kile majuma sita, jioni kwa jioni, hata nikazoea kusogeza kikombe changu kisimwagikiwe. Jumapili niliongoza sala ya wagonjwa. Haikunijia hata mara moja kwamba kikohozi cha benchini nacho ni kikohozi. Mungu anisamehe.

Nikainuka, nikamwomba muuguzi twende wote akatie sahihi. Nikafungua ofisi, nikahamisha kadi, nikaandika jina la kumi na tatu. Palipoulizwa mgonjwa alifika lini, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Hakufika. Nimemsikia mimi, majuma sita.