Theresia Yohana, Aliyewaandikia Madereva (1984–2025)

Wasifu huu umeandikwa na mume wa marehemu, Mazengo Chediel, pamoja na kaka yake mkubwa, Christopher Yohana, ambaye ndiye anayeusoma. Marehemu aliomba usipambwe.

Theresia alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 hapa Issuna, mtoto wa pili kati ya watano wa Mzee Yohana Mughenyi na Mama Rahel. Alimaliza darasa la saba hapa kijijini mwaka 1998 na kidato cha nne mwaka 2002. Alipenda herufi tangu mdogo. Mwaka mmoja baba alimtuma aandike jina kwenye magunia ya alizeti, naye akaliandika kubwa na la kunyooka kiasi kwamba wanunuzi waliuliza ofisi za kampuni ya YOHANA ziko wapi. Baba alicheka wiki nzima.

Baada ya kusomea uchapaji Dodoma, mwaka 2006 alianza kazi katika duka la vifaa vya ofisi karibu na soko, Singida Mjini. Alitengeneza kadi za harusi, kalenda na ratiba za mazishi. Wengi mliopo hapa mliwazika ndugu zenu kwa ratiba alizozipanga yeye. Jina la marehemu likikosewa herufi moja, alichapa upya zote bila kuulizwa.

Tarehe 6 Desemba 2008 alifunga ndoa na Mazengo, fundi wa reli wa Itigi. Walijaliwa watoto wawili, Joseph na Lucy. Tarehe 11 Juni 2019 Joseph, akiwa na miaka tisa, alikuja likizo kwa bibi yake. Aligongwa na basi akivuka barabara na ndoo ya maji kutoka bombani. Dereva alisema mtoto alijitokeza ghafla, na sisi wanaume wa ukoo tulikubali maneno hayo tukiwa bado msibani. Theresia hakukubali. Alichukua kamba, akapima barabara kutoka alama za matairi hadi mahali ndoo ilipokuwa imelala.

Kutokana na vipimo hivyo alitengeneza kipeperushi cha madereva. Kilikuwa karatasi moja iliyokunjwa mara mbili, kurasa sita. Alikaa stendi siku kadhaa akiwauliza madereva karatasi zao huwa wanaziweka wapi, ndipo akakipunguza upana kiingie kwenye kizuia jua na kifunguke kwa mkono mmoja. Ndani alichora barabara ya Issuna, bomba, na mtoto. Chini aliandika: "Ukiwa mwendo wa hamsini, unasimama kabla yake. Ukiwa themanini, unasimama baada yake."

Mwaka 2023 kamati moja ya wiki ya usalama barabarani ilimwomba kazi hiyo. Mjumbe mmoja alimwambia, "Dada, madereva hawapendi kutishwa. Mtoe huyo mtoto, hapo tuweke picha ya mgeni rasmi."

"Mgeni rasmi hakugongwa," alijibu.

Walimtoa mtoto. Kipeperushi kilichapwa kikiwa na sura nne za viongozi, na maneno yake hayakuwamo. Theresia alirudi kuchapa vya kwake. Yeye na Lucy walivikunja nyumbani, wakibana mikunjo kwa mgongo wa kijiko, na kila Jumamosi alisimama hapa kwenye tuta, magari yanapopunguza mwendo, akivigawa.

Kaka yake anayesoma hapa ni dereva wa basi. Jumamosi tarehe 15 Februari 2025 alifika kwenye tuta, na Theresia akamnyooshea kipeperushi dirishani.

"Shikamoo kaka. Kisome ukifika."

Kaka yake hakuitikia. Aliwageukia abiria akasema, "Huyu ni dada yangu. Alifiwa, akachanganyikiwa." Abiria walicheka. Alikikunjakunja, akakitupa miguuni pa Theresia, akaondoa gari. Kwenye kioo alimwona ameinama, anakinyoosha juu ya goti.

Ijumaa tarehe 8 Agosti 2025, sikukuu, gari dogo lililokuwa likilipita lori lilitoka barabarani likamgonga kando ya tuta. Halikusimama. Waliokuwepo walitoa simu, wakapiga picha. Hakuna aliyemfunika, na alilala pale dakika arobaini. Lucy aliiona video kwenye simu ya jirani kabla baba yake hajapigiwa. Alimtambua mama yake kwa kitenge.

Hospitalini alikatwa mguu wa kushoto. Kidonda kikaoza, homa ikapanda. Siku ya kumi na mbili alimwita kaka yake karibu.

"Wasifu utausoma wewe," alisema. "Usiandike kwamba ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakuwa kwenye usukani."

"Usiseme hivyo, Mama Lucy. Utapona."

"Na ile ya Februari uisome. Yote. Usimpe mtu mwingine akusomee."

Kaka yake alipiga magoti akamwomba msamaha. Theresia aligeuza uso ukutani na kumwomba Lucy maji. Kwa siku saba zilizobaki kaka yake alikuja kila asubuhi. Alisalimiwa kwa heshima, shikamoo kaka, kama alivyosalimiwa siku zote. Jambo lile Theresia hakuligusa tena.

Alifariki Jumatano tarehe 27 Agosti 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Dereva wa gari lile hajapatikana. Asubuhi ya leo, jeneza likivushwa barabara, magari matatu yalipiga honi tuyapishe.

Ameacha mume, Mazengo. Binti, Lucy, mwenye miaka kumi na mmoja. Mama yake mzazi, Rahel. Wadogo zake Petro, Jesca na Manase. Na kaka yake Christopher, ambaye hakujibiwa na hatajibiwa.

Apate kwa Mungu amani ambayo sisi hatukumpa.